Nani Alipe Deni la Shahada Isiyosajiliwa?

Alhamisi moja mwezi uliopita, saa tisa alasiri, kijana niliyemfundisha somo la Taaluma za Maendeleo miaka sita iliyopita alibisha hodi ofisini kwangu. Alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Kahama. Baada ya "Shikamoo, Dokta" na "Marahaba, karibu sana", aliketi, akafungua bahasha ya kaki, akapanga mezani karatasi tatu: cheti cha shahada ya kwanza, nakala ya matokeo yenye wastani wa alama 3.6, na barua kutoka bodi ya taaluma yake. Barua ilikuwa fupi. Ilimshukuru kwa maombi yake, kisha ikamweleza kwamba programu aliyosoma haijakidhi viwango vya chini vya Bodi kwa ajili ya usajili wa wahitimu, hivyo maombi yake hayawezi kuendelea.

Wastani wa 3.6 katika vyuo vyetu ni daraja la pili la juu. Rafiki yake waliyetoka naye sekondari moja alisoma fani hiyohiyo katika chuo kingine na kumaliza na wastani wa 2.4, yaani daraja la kufaulu tu. Huyo amesajiliwa, ana muhuri wa mhitimu, na yuko kazini. Huyu wa 3.6 anasimamia ghala la duka la vifaa vya ujenzi, na kila mwezi Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inakata asilimia 15 ya mshahara wake kulipia elimu ambayo taifa hilohilo, kupitia bodi nyingine, limemwambia haitoshi.

Hakuja kulalamika, wala hakuja kuomba nimtafutie kazi. Alikuwa na swali moja: "Dokta, wakati mnatudahili, mlikuwa mnajua?"

Nitalijibu swali hilo hapa, hadharani. Sitataja fani yake, chuo, wala bodi, kwa kuwa ninazungumzia ugonjwa ambao hauko katika chuo kimoja wala bodi moja. Kabla ya jibu, yanipasa kwanza nieleze jinsi mlango huu unavyofunguliwa na kufungwa, maana wengi wetu, hata tulio ndani ya vyuo, hatuuelewi sawasawa.

Katika nchi yetu, shahada inayoelekea kwenye taaluma yenye bodi hupita katika mikono mitatu. Mkono wa kwanza ni wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyotokana na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005. Tume ndiyo inayotoa ithibati kwa vyuo na programu zao, na ndiyo inayoweka sifa za chini za kudahiliwa. Mkono wa pili ni wa chuo chenyewe, kinachofundisha, kutahini na kutunuku. Mkono wa tatu ni wa bodi ya taaluma, ambayo ina sheria yake na mamlaka yake. Wahandisi wana Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 na Bodi yao ya Usajili. Wahasibu wana Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu pamoja na mitihani yake. Madaktari wana Baraza la Madaktari Tanganyika. Anayetaka kuwa wakili hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007.

Mzazi wa Kahama, au wa Newala, au wa Micheweni, haoni mikono mitatu. Anaona Serikali moja. Chuo kimeandikishwa na Serikali, programu imo katika mwongozo wa udahili wa Serikali, mkopo umetolewa na Serikali. Ana haki ya kuamini kwamba mwanawe akifaulu, Serikali hiyohiyo itamtambua. Hajui kwamba ithibati ya Tume na utambuzi wa bodi ni mihuri miwili, na kwamba wa kwanza hauleti wa pili. Hilo hulijua siku ya barua.

Ningependa nieleweke mapema kwamba sipingi bodi za taaluma kuwa na viwango vya chini. Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, mchana kweupe, katika eneo lenye wafanyabiashara na wateja, likaua watu zaidi ya 20. Aliyewahi kusimama pembeni ya kifusi na kusikia simu za walionaswa zikiita hawezi kusema kwamba viwango vya taaluma ni urasimu. Mgonjwa hawezi kumhoji daktari alifaulu vipi somo la fiziolojia. Mwananchi anayepita juu ya daraja hana namna ya kukagua hesabu za nondo zilizomo ndani yake. Bodi ipo ili imhakikie kwa niaba yake. Bodi inayosajili kila aliyeshika cheti haina maana ya kuwepo.

Kwa hiyo ninaachana na swali la kama kiwango kiwepo. Maswali yangu ni mawili: kiwango kipime nini, na kikivunjwa, nani alipe?

Tuanze na la kwanza. Zipo njia kadhaa ambazo bodi duniani huzitumia kuamua ni mhitimu yupi astahili kuandikishwa, na kila moja ina historia yake.

Njia ya kwanza ni kurudi nyuma hadi sekondari. Jirani zetu wa Kenya wameandika katika Sheria ya Chuo cha Sheria cha Kenya ya mwaka 2012 sifa za kujiunga zinazogusa matokeo ya kidato cha nne: wastani wa C+ na angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. Matokeo yake yamekuwa kesi moja baada ya nyingine mahakamani. Mtu aliyeanza na cheti, akapanda stashahada, akapata shahada ya sheria, anaelezwa mlangoni kwamba mtihani alioufanya akiwa na miaka 17 ndio unaomwamulia hatima. Ninaipenda heshima ambayo sheria ile imeipa lugha ya Kiswahili, lakini siipendi hoja iliyo chini yake. Ikiwa miaka minne ya chuo kikuu haiwezi kurekebisha upungufu wa kidato cha nne, basi chuo kikuu kilikuwa kinafanya nini?

Njia ya pili ni daraja la shahada. Chama cha Wanasaikolojia cha Uingereza, kwa mfano, kinamtaka mhitimu awe na angalau daraja la pili la chini katika shahada ya heshima iliyoidhinishwa na chama hicho. Hapa kwetu nimesikia mara nyingi, katika warsha na vikao, pendekezo la aina hiyo: asiyefikisha wastani wa 2.7 asisajiliwe. Pendekezo hili linavutia kwa sababu ni rahisi. Namba ni namba. Ofisa wa masjala anaweza kulitekeleza bila kufikiri.

Nimekaa katika vikao vya watahini kwa miaka mingi, na ninajua namba hizo zinavyozaliwa. Mwanafunzi amepata 39 katika somo ambalo kufaulu ni 40. Mwenyekiti anauliza, "Wajumbe, huyu tunamfanyaje?" Mtu anasema ni mtoto mwenye nidhamu. Mwingine anakumbusha kwamba somo lile lilifundishwa na wahadhiri wawili tofauti na mmoja aliondoka katikati ya muhula. Tunaongeza alama moja. Mara nyingi uamuzi ule ni wa haki kabisa. Lakini hebu fikiria siku bodi itakapotangaza kwamba 2.7 ndiyo mpaka kati ya kusajiliwa na kutosajiliwa. Katika muda wa miaka mitatu hutamkuta mhitimu wa 2.6 katika chuo chochote kinachoshindania wanafunzi. Wote watakuwa wamevushwa. Chuo kikali, kinachotoa alama kwa mkono mzito, kitaonekana kinaharibu maisha ya watoto wa watu; chuo laini kitajaza madarasa. Kiwango kilichowekwa ili kulinda ubora kitageuka kuwa sababu ya kuuua.

Tena, wastani wa alama haumaanishi kitu kimoja kila mahali. Kijana wangu wa 3.6 na rafiki yake wa 2.4 ni ushahidi. Bodi ilikuwa na hakika zaidi na 2.4 ya chuo kile kuliko 3.6 ya kwetu, na kwa uchungu nakiri kwamba huenda ilikuwa sahihi.

Njia ya tatu ni bodi kutahini yenyewe. Hapa sote tunakumbuka Oktoba 2022. Matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo yalipotangazwa, kati ya wanafunzi 633 waliofanya mitihani, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo walikuwa 342, na walioondolewa masomoni 265. Nchi ililipuka. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Mitandaoni tuligawanyika kambi mbili: waliosema Taasisi inakomoa vijana, na waliosema vijana hawajui kitu.

Kilichonisumbua wakati ule, na kinachonisumbua hadi leo, ni kambi ya tatu iliyokaa kimya. Vijana wale 633 hawakutoka sokoni. Kila mmoja wao alikuwa na shahada ya sheria iliyosainiwa na Makamu Mkuu wa Chuo fulani. Kila mmoja alivaa joho, akapigiwa vigelegele, akapigwa picha na bibi yake. Kama mtihani ulikuwa wa haki, basi vyuo vilitoa shahada kwa watu ambao havikuwa vimewafundisha vya kutosha. Kama mtihani haukuwa wa haki, vyuo vilipaswa kusimama na kuwatetea wahitimu wao kwa hoja na ushahidi. Wengi wetu hatukufanya lolote kati ya hayo mawili. Tulisubiri mvua ipite.

Njia ya nne, ambayo naiona kuwa bora kuliko zote, ni kupima programu badala ya mtu. Mwaka 1989 taasisi za uhandisi za nchi sita, yaani Australia, Kanada, Ireland, New Zealand, Uingereza na Marekani, zilisaini Mkataba wa Washington na kukubaliana kutambua programu zilizoidhinishwa na kila mmoja wao. Afrika Kusini ilijiunga mwaka 1999. Msingi wa mpango ule ni mwepesi kuueleza: bodi inakwenda chuoni, inakagua maabara, walimu, mitihani na kazi za wanafunzi, na ikiridhika inaiidhinisha programu kwa muda maalumu. Mwanafunzi akihitimu katika muda huo, lile swali la elimu yake limekwisha kujibiwa.

Waingereza wenyewe walijifunza jambo jingine njiani. Mwaka 1997 Baraza lao la Uhandisi lilitoa viwango vilivyotaka sehemu kubwa ya wanafunzi wanaodahiliwa katika programu ya uhandisi wawe na alama za juu za sekondari, la sivyo programu isitambulike. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliuacha utaratibu huo. Viwango vipya vikauliza mhitimu anaweza kufanya nini anapotoka, badala ya kuuliza alikuwa na alama gani alipoingia. Ninaitaja historia hii kwa sababu sisi tuna tabia ya kuokota kiwango ambacho wenzetu walikwisha kukitupa, tukakiita cha kimataifa.

Mtu ataniambia: lakini Dokta, hiyo njia ya nne ndiyo iliyomfungia mlango kijana wako. Bodi ilipima programu, ikaiona haitoshi. Ni kweli. Na hapo ndipo linapoanza swali la pili, la nani alipe, na hapo ndipo ninapopaswa kulijibu swali lake.

Jibu ni ndiyo. Tulikuwa tunajua.

Nilikuwa mjumbe wa kamati ya mitaala wakati programu ile inaanzishwa. Sikuwa mtaalamu wa fani hiyo. Nilikuwamo kwa sababu somo langu husomwa na wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza. Katika kikao cha mwisho tuliambiwa kwamba vifaa vya maabara viko katika hatua za manunuzi, kwamba walimu wawili wenye sifa wako masomoni nje na watarejea, na kwamba bodi ya taaluma imeandikiwa barua lakini bado haijaleta wakaguzi. Mjumbe mmoja, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, aliuliza kama ingekuwa busara kusubiri mwaka mmoja. Alijibiwa kwamba tukisubiri, tutakosa dirisha la udahili, na chuo cha jirani kitatutangulia. Akasema mtu, "Bodi watakuja tukishaanza." Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Mkono wangu ulikuwa juu.

Mwaka ule tulipokea wanafunzi zaidi ya 80. Wakaguzi walikuja wanafunzi hao wakiwa mwaka wa tatu, wakaorodhesha mapungufu, wakaondoka. Tulijibu baadhi. Mengine yalihitaji fedha. Hakuna hata siku moja ambapo mtu kutoka uongozi, au mimi, alisimama mbele ya darasa lile na kuwaambia: programu yenu haijatambuliwa na bodi, na huenda isitambuliwe. Tulijiambia kwamba hatutaki kuwavunja moyo.

Msomaji ataona kwamba hapo hapakuwa na mwizi wala mla rushwa. Palikuwa na watu wenye nia njema waliobanwa na mfumo unaohesabu vichwa. Chuo kinaishi kwa ada. Mbunge anataka kampasi mkoani kwake. Wizara inataka kuonyesha kwamba idadi ya wanaodahiliwa imepanda. Chuo kikuu chetu cha kwanza kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kishiriki chenye kitivo kimoja, cha sheria, na kitivo cha uhandisi kikasubiri hadi mwaka 1973. Leo tunataka kitivo kianzishwe kati ya bajeti moja na nyingine. Upanuzi ni jambo jema, na mimi mwenyewe, mtoto wa mkulima, ni tunda la upanuzi. Lakini upanuzi una bei, na tumeamua bila kusema kwamba bei hiyo italipwa na mtu asiyekuwa na sauti katika kikao chochote kati ya vile vilivyouamua.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Tume inasema ilitoa ithibati kwa mujibu wa sheria yake. Bodi inasema ilikataa kwa mujibu wa sheria yake. Chuo kinasema kilifundisha mtaala ulioidhinishwa. Wote watatu wanasema kweli. Anayebaki na deni la mkopo, miaka minne iliyopotea na aibu ya kijijini ni mmoja tu.

Sasa nipendekeze, maana kulalamika bila kupendekeza ni kazi ya kijiweni.

La kwanza, programu yoyote inayoelekea kwenye taaluma yenye bodi isidahili mwanafunzi hata mmoja kabla ya Tume na bodi husika kukagua kwa pamoja na kutoa uamuzi mmoja. Hili si gumu kama linavyodaiwa. Mwaka 2012 mamlaka za usajili wa wahandisi za Tanzania, Kenya na Uganda zilisaini makubaliano ya kutambuana chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki. Ikiwa bodi za nchi tatu ziliweza kukaa meza moja, kipi kinazishinda taasisi mbili za nchi moja?

La pili, hadi hapo tutakapofika, mwongozo wa udahili uweke mbele ya kila programu neno moja: imetambuliwa na bodi, haijatambuliwa, au inasubiri. Neno moja tu. Mtoto wa kidato cha sita anayechagua programu kwa simu ya mama yake ana haki ya kuliona kabla hajabonyeza.

La tatu, mwanafunzi ahukumiwe kwa viwango vilivyokuwapo alipodahiliwa. Bodi ina haki ya kupandisha kiwango, lakini kipande kwa wanaokuja. Kubadilisha mstari wa goli mchezo ukiwa dakika ya 80 ni dhuluma, hata kama mstari mpya ni bora.

La nne, na hili ndilo kiini cha makala haya, upungufu wa programu ulipwe na chuo. Bodi inapokataa, itaje kwa jina masomo au mafunzo yanayokosekana, na chuo kilazimike kuyatoa kwa wahitimu wake bila ada, ndani ya chuo chenyewe au kwa kuwalipia mahali pengine. Kama kijana amekosa maabara mbili na somo moja la usanifu, basi muhula mmoja unaweza kumaliza shauri. Leo anaandikiwa "haijakidhi viwango" na kuachwa aelee. Nina hakika kwamba siku vyuo vitakapoanza kulipia muhula huo, mkono wangu na mikono ya wenzangu itakuwa mizito kunyooka katika kikao cha mitaala.

La tano, bodi zenye mitihani zitangaze kila mwaka matokeo kwa kila chuo. Mficha uchi hazai. Tutaona aibu mwaka wa kwanza, tutajitetea mwaka wa pili, na mwaka wa tatu tutaanza kufundisha.

Ipo hoja moja nzito dhidi yangu, na sitaikwepa. Mtumishi mmoja wa umma ninayemheshimu sana aliniambia: "Unataka bodi ziwaonee huruma wahitimu, lakini huruma kwa mhitimu mmoja inaweza kuwa msiba kwa watu 50 walio chini ya jengo." Hoja hii ingenifunga mdomo kama usajili wa mhitimu ungekuwa ruhusa ya kusaini michoro. Sivyo ulivyo. Katika uhandisi, mhandisi mhitimu bado si mhandisi mtaalamu. Bodi ina mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka mitatu chini ya msimamizi, na baada ya hapo ndipo mtu hupimwa ili apande ngazi na kula kiapo. Daktari naye hupitia mwaka wa mazoezi hospitalini kabla ya kuachiwa wagonjwa peke yake. Usajili wa mhitimu ni mlango wa kuingia kujifunza chini ya uangalizi. Mlango wa kuaminiwa na maisha ya watu uko mbele zaidi, na huo ninataka uwe mgumu kuliko ulivyo leo. Tumekuwa wakali ukumbini na wapole chumbani: tunamzuia kijana wa 3.6 asijifunze chini ya msimamizi, huku wasiokuwa na usajili wowote wakiendelea kujenga maghorofa mijini na sheria ikiwaangalia.

Kwa wanafunzi mnaosoma hapa: kabla ya kuchagua programu, andikeni barua kwa bodi ya taaluma hiyo na kuuliza hali yake. Mkiwa tayari chuoni, muulizeni mkuu wa idara darasani, mbele ya wenzenu, na ombeni jibu la maandishi. Serikali ya wanafunzi inayopigania ubora wa chakula cha kantini ipiganie na hili. Kwa wanaharakati: suala hili halina maandamano wala kauli mbiu, lakini lina sheria mbili zisizosalimiana, na kazi ya kuzisalimisha inaanzia katika kamati za Bunge. Kwa watumishi wa umma mnaoandika matangazo ya ajira yenye sharti la kusajiliwa na bodi: sharti hilo ni sahihi, lakini mjue kwamba nyuma yake kuna watu waliotimiza kila walichoambiwa na Serikali yao.

Na kwa wahadhiri wenzangu: tuache kujificha nyuma ya neno "uongozi". Vikao vile ni vyetu. Kumbukumbu zake zina majina yetu.

Yule mama aliyetaka tusubiri mwaka mmoja alistaafu muda mfupi baadaye. Sijui kama alipata kujua kilichotokea.

Kijana nilimjibu siku ileile. Nilimwambia kwamba tulijua, na kwamba mimi nilikuwa mmoja wa waliokubali. Alinyamaza kitambo, akakusanya karatasi zake, akazirudisha katika bahasha kwa mpangilio uleule. Kisha akauliza, kwa adabu yake ileile ya darasani, kama ninaweza kumwandikia kwa maandishi nilichotoka kumwambia. Nimemwandikia. Nakala nimeipeleka kwa mkuu wa chuo na kuomba wahitimu wote wa kundi lile waitwe, waelezwe ukweli, na wapewe muhula wa kuziba pengo kwa gharama ya chuo. Barua yangu ina wiki tatu sasa bila kujibiwa. Wiki ijayo kikao cha kamati ya mitaala kitakaa, na katika ajenda zake kuna programu mpya mbili.